Kanda ya Kwanza ya Kaka Seif

Enzi zetu, ukitaka kujua watu wameupokeaje wimbo wako, hukuwa na haja ya kufungua kitu chochote mkononi. Ulipita tu barazani mtaani kwetu Kiponda baada ya Alasiri, ukatoa salamu, na kabla hujamaliza kuitikiwa ulikuwa umeshaambiwa. Tena waliokuambia ni watu waliokujua tangu unanyonya, wanaomjua mama yako na bibi yako, na kesho yake walituma mtoto kwenu kuomba chumvi kana kwamba jana hawakusema lolote. Sisi tuliokulia katika vichochoro vile tunalijua hilo. Wanetu tukiwaeleza wanadhani tunatia chumvi.

Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa mbili, ngazi zake za mbao zimesimama wima hata mgeni alishuka kinyumenyume. Wasichana tulicheza mdako kwenye kibaraza mpaka vidole vikawa vyeupe kwa chokaa. Nage tulicheza kwenye uwazi nyuma ya msikiti, mpaka mtu atokeze dirishani atufukuze. Skuli tulikwenda kwa miguu, na wakati wa kurudi tulipitia kwa muuza embe mbichi, tukazila kwa chumvi na pilipili hadi midomo ikawasha na macho yakatoka machozi. Jioni ni chuoni, kusoma Kurani kwa Maalim, juzuu kifuani, mtandio umeshikwa kwa meno. Mvua ikinyesha, maji yaliteremka kichochoroni kama mto, nasi tukiviachia vifuu vya nazi vielee na kuvikimbilia mpaka sokoni. Watoto wa siku hizi mvua ikinyesha huipiga picha, kisha wakafunga dirisha.

Kaka yangu Seif ndiye mkubwa wetu. Alikuwa amemaliza skuli na mjomba alimletea gitaa kutoka safari. Tangu siku hiyo nyumba haikupata utulivu. Marafiki zake wawili, Machano na Kombo, walikuja kila siku, Machano na kinanda chake kidogo, Kombo na ngoma mbili na bati la biskuti. Hawakupiga taarabu kama wazee, wala muziki wa dansi wa bendi kubwa za Bara. Walipiga muziki wao wenyewe, mwepesi, wa maneno machache, kuhusu baiskeli, mvua na msichana wa dirisha la jirani. Hapakuwa na kampuni wala tajiri nyuma yao. Walifanya mazoezi sebuleni kwetu, wakajiita Sebule Bendi. Mama alisema jina hilo angalau ni la ukweli.

Basi wakaamua kutoa kanda. Walirikodi kwenye stoo ya mjomba wake Kombo, huko Mlandege, kuta zote zimeegemezwa magodoro ili sauti isirudi. Palikuwa na joto la kuoka mkate. Wimbo mmoja ulikuwa wa mvua, na Kaka Seif alitaka sauti ya mtoto iitikie: "Njoo, njoo, inanyesha." Mimi nilikuwa na miaka kumi, na nilishinda sebuleni nikiwasikiliza, kwa hiyo nikapewa mimi. Nilisimama juu ya kreti la soda, nikafumba macho, nikaimba kwa nguvu zangu zote. Nilipofumbua, Machano alikuwa anatazama chini. Nilidhani ameguswa.

Palikuwa na fundi mmoja Darajani aliyewanakilia kanda zao, na spika yake aliitundika mlangoni. Siku wimbo wetu ulipopigwa mara ya kwanza nilivaa gauni la Idi bila ya kuwa Idi, nikaenda kusimama ng'ambo ya njia nisikilize. Gitaa likaingia vizuri. Kinanda kikafuata. Kisha nikajisikia mimi. Sauti ilianza juu, ikapasuka katikati, ikateleza mpaka mahali ambapo wimbo haukuwapo. Mwanamke aliyekuwa akichagua nyanya aliinua kichwa akamuuliza mwenzake, "Kuna nini humo?"

Jioni ile baraza ya Kiponda ilisikiliza kanda nzima, upande wa kwanza na wa pili, vikombe vya kahawa mkononi. Mimi nilikuwa napita na bakuli la mchuzi alilonituma Mama kwa shangazi. Mzee Abeid, aliyekuwa akifanya kazi forodhani na sasa amestaafu, alikuwa anatoa hukumu.

"Gitaa linasema," alisema. "Kinanda kina mafua, lakini kitapoa. Na huyo paka mlomfungia humo ndani, mfungulieni mlango, maskini, atoke."

Baraza zima lilicheka. Walicheka bila ubaya, na hilo ndilo lililonimaliza. Mmoja wao akaniona, akasema, "Haya, mwenyewe huyu hapa," wakacheka tena, na Mzee Abeid akaniuliza kwa upole, "Mama hajambo?" Nikasema hajambo. Mchuzi ulikuwa umemwagikia gauni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Baada ya hapo nilikoma kuitwa Zuwena. Nikipita, watoto walilia "Njooo, njooo" kwa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia. Skulini mwalimu wa hesabu alinitaka nijibu swali, nilipofungua tu mdomo darasa likalia nyau. Chuoni Maalim alinisikiliza nikisoma, akasimamisha kidole juu ya aya, akaniuliza, "Sauti ni hiyohiyo?" Naye mwenyewe alikuwa anauma midomo asicheke. Tangu siku ile nikawa nasoma kwa kunong'ona. Mama aliponiona sitoki tena kucheza alisema, "Anayekucheka leo, kesho atatafuta jengine la kuchekea. Nenda kacheze." Sikwenda.

Baba hakusema kitu. Alikuwa karani bandarini, mtu wa maneno machache, na baada ya chakula cha mchana alizoea kulala mkekani na kusikiliza taarabu ya zamani. Kanda yetu aliisikiliza mara moja mbele yangu, mpaka mwisho. Kisha akainuka, akatia udhu, akaenda kusali. Nikachukulia kwamba amefedheheka. Katika maoni yote ya mji mzima, lile lisilosemwa ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kanda zikamalizika, kwani watu walizinunua hivyohivyo. Kaka Seif akasema fundi atanakili nyingine. Haukupita muda mrefu, Mama akanichukua Darajani kutafuta kanga za Idi. Tulipokaribia kwa yule fundi nikausikia wimbo wa mvua unaanza. Nikavuta mtandio mpaka kwenye pua, nikahesabu mapigo nikisubiri fedheha yangu ifike.

Haikufika. Pahala pangu paliimba mtu mwengine. Ilikuwa sauti safi, imekaa juu ya gitaa kama ndege juu ya waya. Nikaijua mara moja: ni Raya wa Vikokotoni, msichana aliyekuwa akiongoza kasida skulini kwetu. Kaka Seif alikuwa amerudi stooni, amenitoa mimi, amemtia yeye, wala hakuniambia.

Mama alisimama. Akaitazama spika, kisha akanitazama mimi, nikaona kwamba hata yeye alikuwa hajui. Akanishika mkono.

"Twende," alisema. "Kanga nzuri zitaisha."

Watoto waliacha kunililia nyau. Wimbo ule ukapendwa, mtu akipita na baiskeli anaupiga mluzi. Ndilo nililokuwa nikiliomba kwa Mungu kila nikisali, limekuja, na sikuweza kulifurahia. Mwanzo nilikuwa naona haya nje, nikifika nyumbani napumua. Sasa haya ilikuwa imehamia ndani. Tulikula sinia moja na Kaka Seif, mimi simtazami, na yeye anasukuma vipande vya nyama upande wangu. Nilivila. Hata hilo nililionea haya.

Ijumaa moja Baba alirudi kutoka msikitini amechelewa. Tulikuwa tumeshaketi kwenye pilau. Akanawa, akakaa, hakutia mkono.

"Seif," akaita.

"Naam, Baba."

"Nimepita barazani. Wanapiga kanda yenu."

"Wameipenda, Baba. Hii ya sasa wameipenda sana."

"Wameipenda, nimesikia. Nilikuwa na mwanangu ndani ya ile kanda. Yuko wapi?"

Kaka Seif alinitazama, kisha akalitazama sinia. "Watu walikuwa wanasema, Baba."

"Watu walisema. Mimi nlisema?"

"Hukusema kitu."

Baba alikuwa anasugua kidole gumba juu ya ukingo wa sinia. Nilidhani atamgombeza Seif, kumbe alikuwa anajigombeza mwenyewe.

"Hapo ndipo nlipokosea," alisema. "Nliipenda ile sauti. Nkaona haya kuwaambia watu kuwa naipenda, kwa sababu najua kuimba ni nini, na ile si kuimba. Nkanyamaza. Na wewe ukadhani nimekubaliana nao."

Akainuka na njaa yake. Pilau ile ilipoa mbele yetu. Mama alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga na kusema ni moshi, na jiko lilikuwa limeshazimwa.

Jioni Kaka Seif alinifuata juu darini nilikokuwa naanua nguo. Alizunguka zunguka, akanisaidia kukunja shuka, akaikunja vibaya.

"Zuwena," alisema, "nlikuonea haya mbele za watu. Kisha nkajionea haya mwenyewe, ndo mana sikukwambia."

"Nliimba vibaya?"

Alifikiri. Namshukuru mpaka leo kwamba hakunidanganya. "Vibaya sana."

"Ungeniambia basi. Ningetoka mwenyewe."

"Ningekwambia vipi? Ulikuwa umefumba macho unaimba, umefurahi."

Tulizikunja nguo zote mpaka zikaisha, pamoja na zilizokuwa bado mbichi.

Sikukuu ilipofika Sebule Bendi walipewa nafasi ya kupiga Mnazi Mmoja, kwenye uwanja wa Idi. Kaka Seif aliniomba nipande jukwaani nikasimame na Raya. Nilikataa. Nilisimama chini karibu na muuza juisi ya miwa, nimemshika mkono Baba, ambaye kabla ya hapo hakuwahi hata siku moja kuja kuisikiliza bendi ile. Watoto walikuwa wamejaa kwa nguo mpya, bembea zinalia, harufu ya mbatata na ukwaju imetanda. Wimbo wa mvua ukaanza na watu wakashangilia. Ulipofika pale pangu Raya akafungua mdomo, na hapohapo, juu ya kichwa changu, nikasikia sauti nyengine.

Alikuwa Baba. Alikuwa ameinua kidevu, anaimba "Njoo, njoo, inanyesha," kwa sauti nene iliyoanza chini, ikapasuka katikati na kuteleza mpaka mahali ambapo wimbo haukuwapo. Hapo nikajua nimeirithi kwa nani.

Watu waligeuka. Wanafunzi wenzangu waligeuka. Mzee Abeid, aliyekuwa na wajukuu zake, aligeuka na gilasi ya miwa mkononi. Haya niliyoiona siku ile ilizidi zote zilizotangulia. Nilimvuta Baba mkono, nikamwambia, "Baba, basi, Baba watu wanatutazama." Akanishika kwa nguvu zaidi, akaimba kiitikio chote mpaka mwisho, na kila kiliporudi akakirudia. Karani wa bandari, kofia kichwani, kanzu imepigwa pasi. Mimi niliinamisha uso nikatazama viatu vyangu vipya mpaka wimbo ukaisha. Leo ningetoa kila nilichonacho nisimame pale tena, nimtazame yeye badala ya viatu.

Bendi haikudumu. Machano alioa akahamia Chwaka, Kombo akapata kazi ya serikali, na Kaka Seif alikwenda Maskati, akawa fundi wa viyoyozi. Akija likizo tunakaa sebuleni palepale. Safari moja alinambia, "Ile kanda ya pili ilikuwa nzuri zaidi, lakini..." Nikamwambia najua. Tukatazamana, kila mmoja na aibu yake, kisha tukacheka. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Sasa binti yangu, Nasra, ana bendi na wenzake. Wamerikodi chumbani kwake, kwa kompyuta, hapana godoro lililoegemezwa ukutani wala jasho, na nyimbo zao za kwanza wamezitia kwenye mtandao. Asubuhi yake dunia nzima ilikuwa imeshatoa maoni. Wengi wameweka vijimoto na mioyo, jambo ambalo mimi sijui kama ni sifa au ni uvivu wa kuandika. Na mmoja ameandika kwamba huyu msichana sauti yake inatia kichefuchefu, arudi jikoni kwa mama yake. Nasra alinisomea huku anacheka. "Hawa si watu wa kuwajali, Mama," alisema. Lakini alipodhani nimeinamia mbatata zangu nilimwona anarudi kuyasoma, peke yake, kidole kinapandisha na kushusha, uso umewaka kwa mwanga wa simu. Uso ule naujua. Niliuvaa mimi, na mchuzi umenimwagikia.

Nikamuuliza, "Huyo aliyeandika hivyo ni nani?"

"Hajulikani, Mama."

"Hajulikani vipi? Mtoto wa nani?"

Alicheka mpaka akakohoa. Akawapigia wenzake kuwahadithia, na sasa kila wakija kwangu wananiamkia, "Shikamoo, Mama Mtoto wa Nani." Nami naitikia marahaba, nawapa chai.

Lakini sikuuliza kwa mzaha. Mimi nilimjua kila aliyenicheka, ni wa mlango upi na wa ukoo gani. Walinitia aibu mbele ya mji mzima, kisha wakaja kunigawia walipopata mchele mpya, wakabeba jeneza la baba yangu mabegani mwao. Wengi wao nami nimekwenda kwenye khitma zao, nikapika, nikalia kwa machozi ya kweli. Huyu aliyemtukana Nasra ataishi na kufa huko aliko, na mwanangu hatajua siku yoyote amsamehe nani.