Kobe wa Tomasi na Yule Aliyeomba Moto

Mimi si mutu wa kutunga hadithi. Uliza yeyote hapa Kasongo, atakuambia yule mama ana domo, ana hasira, lakini uongo hana. Basi nikikuambia kwamba haya niliyaona kwa macho yangu mawili, nimeamka, nimeshanawa uso, usinitazame hivyo. Kaa usikilize.

Wakati wa Wabelgiji tulikuwa tunakaa kijijini, kando ya barabara ya kwenda Kabambare. Mume wangu Tomasi alikuwa na kobe. Ndiyo, kobe, cheka tu. Alimuokota shambani baada ya kuchoma majani, akiwa mdogo wa kuenea kiganjani. Watu wa kwetu kobe wanamla, lakini Tomasi alimfuga, akawa anamchumia matembele na kumpa papai lililoiva. Tulimwita Kapita, kama wale wasimamizi wa kazi za Wazungu, maana alizunguka uani polepole, shingo ameinyoosha, akikagua kazi za wanawake na yeye mwenyewe hashiki kitu.

Mwaka huo Tomasi akaandikwa kontra ya kazi kwenye machimbo ya dhahabu, huko kwenye milima upande wa Salamabila. Yeye na jirani yetu Pascali, mume wa Mama Feza, waliandikwa siku moja wakapanda kamyo moja, lori la kampuni. Na kabla ya kupanda, unafikiri aliniusia nini? Shamba? Mama yake? Aliniusia kobe. Nilinuna, sikufichi.

Akasema baridi ya kiangazi ikifika nimlaze Kapita katika sanduku la sabuni, juu ya majani makavu, karibu na jiko lakini si kwenye ndimi za moto. Nipashe jiwe, nilifunge kwa kitambaa, niliweke ubavuni mwake na si chini yake, ili likimchoma aweze kusogea. Nilibadilishe kabla hakujapambazuka, maana hapo ndipo baridi inapouma. Jua likipanda nimtoe nje, nimpe maji ya uvuguvugu, nimfute, asilale na unyevu. Mwishoni akanishika mkono.

"Yeye akiwa na joto, ujue na mimi niko na joto."

Nilidhani ni mzaha wake.

Kiangazi kikaingia. Wewe unafikiri Maniema ni joto tu? Njoo alfajiri mwezi wa saba, ukungu umelala barabarani, huoni hata choo chako mwenyewe. Kapita akaacha kula. Nikafanya kama nilivyoambiwa, jiwe juu ya jiwe, huku nikimtukana Tomasi kimoyomoyo. Na Kapita alikaa vizuri, mpaka alipokuja mama mmoja mgeni.

Hapo nikueleze kidogo. Siku hizo kibiriti kilikuwa kitu cha misheni na cha wenye duka. Sisi, moto ukikuzimikia, unachukua kigae unaenda kwa jirani, unapewa kaa. Hakuna kuulizana jina. Kumnyima mutu moto ni kama kumtukania mama yake. Na kama kwako kweli umezimika, adabu ni kumwonyesha nyumba nyingine yenye moshi.

Basi alfajiri moja mwanamke akasimama mlangoni na kigae cha mtungi. Simjui. Kitambaa chake safi, sauti ya chini, akaomba moto. Nikamwambia ingia, chukua. Akapita makaa yote ya mbele, akainama kuchukua lile lililokuwa karibu na sanduku la Kapita. Akaenda zake. Nikashika jiwe ubavuni mwa kobe, jiwe nililolitoa jikoni sasa hivi. Limepoa kabisa.

Nikasema labda nimechelewa. Kesho yake akaja tena, na kesho kutwa. Kila akitoka jiwe ni baridi na Kapita ni baridi, puani anatoa mapovu, macho yamegandana. Nikaongeza majani, nikaongeza mawe, nikawa naamka mara tatu. Usingizi ukanihama. Mchana nikisikia kamyo barabarani natoka mbio kutazama, maana maneno ya Tomasi yalianza kunizunguka kichwani na nilishindwa kuyafukuza. Nikamuuliza Mama Feza kama huyo mgeni anafika na kwake. Akasema hajamwona, pengine ni mke wa mmoja wa wale watengeneza barabara. Lakini mke wa mutu anazimikiwa na moto kila siku?

Siku ya sita nikaamua kumtazama vizuri. Nikachukua kaa mimi mwenyewe, jekundu kabisa, nikaliweka kwenye kigae chake. Likazima. Halikutoa moshi, halikulia, lilizima tu. Kidole chake kikanigusa, na mpaka leo kidole changu hiki kinajua baridi ile. Akatazama ndani ya sanduku.

"Huyu bado kidogo," akasema, akatoka kwenye ukungu.

Nilikaa chini. Nililia, haki ya Mungu, nikamkumbatia yule kobe tumboni kama mtoto, ndani ya kitambaa changu, siku nzima sikwenda shamba. Nilishaelewa kwamba si kobe anayetafutwa.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa nimesimama mlangoni kabla yake. Nyuma yangu moto unawaka, mutu yeyote angeuona. Akanyoosha kigae.

"Sina moto," nikasema.

Hakukasirika. Alisimama tu, kama mgeni aliyetoka mbali.

"Basi niombe kwa nani?"

Na mimi, mdomo wangu huu! Sikufikiri. Nilikuwa nataka aondoke, na adabu niliyonyonya kwa mama yangu ikajibu kabla yangu. Nikanyoosha kidole kwenye nyumba ya pili.

"Jaribu kwa Mama Feza."

Akageuka. Nikasikia hodi, nikamsikia akisema ni mimi niliyemtuma. Nikasikia sauti ya jirani yangu, yenye usingizi, nzuri kama siku zote, ikisema ingia mama, chukua. Ningeweza kupiga kelele. Ni hatua ishirini tu. Sikupiga. Niliogopa atarudi kwangu. Nikafunga mlango, nikaweka jiwe jipya ubavuni mwa Kapita, na jiwe likabaki na joto. Adhuhuri akafungua macho akala papai. Nikafurahi. Unasikia? Nilifurahi.

Kontra ilipoisha, kamyo ikaja na Tomasi. Mama Feza alisimama pembeni yangu akitazama kila aliyeshuka, mpaka wakaisha.

Tomasi alinieleza usiku. Alikuwa ameshikwa na baridi kambini, siku sita hivi, anatetemeka juani, wenzake wameshaanza kuzungumza habari ya sanda. Asubuhi moja akatoka jasho, akaomba chakula. Asubuhi ileile Pascali, aliyekuwa mzima, aliyekuwa anamlisha yeye uji, akaanza kutetemeka. Walimfunika mablanketi matatu, wakamweka karibu na moto. Hakufika Jumapili.

Tomasi nimezeeka naye, Mungu amemchukua juzijuzi kwa uzee. Kapita yuko uani, mzito kuliko sanduku lake. Kila kiangazi bado nampashia jiwe, ingawa sijui tena ni kwa ajili ya joto la nani. Mama Feza naye yuko hai, alihamia hapa Kasongo kama sisi, na bado ni jirani yangu. Hakuolewa tena. Baridi ikianza anamletea Kapita matembele, anakaa na mimi jikoni, na kila mwaka ananiuliza swali moja, kwa upole, bila ubaya wowote.

"Yule mama uliyemtuma kwangu asubuhi ile, alikuwa ni nani?"

Kila mwaka namjibu kwamba simjui. Kisha namchagulia kaa kubwa kuliko yote aende nalo, na viberiti vyake vimejaa nyumbani.

Basi wewe unayenisikiliza, mgeni akija kuomba moto kwenye ukungu, muulize jina lake na la mume wake. Tazama kama kaa linatoa moshi kwenye kigae chake. Ukiona halitoi, mfukuze, piga kelele uamshe kijiji kizima. Lakini akikuuliza aende kwa nani, shika mkono wako. Usimwonyeshe mlango wa mutu.