Namba Kumi na Saba ya Asanasio

"Mungefuta jina yangu ningenyamaza. Lakini namba! Namba ya mutu munaipaka lami?"

Hivyo ndivyo Asanasio alivyokuwa akifoka mwaloni Kayanzi, kijiji chetu cha wavuvi, Ijumaa moja asubuhi ya mwaka 1966, mkono mmoja kiunoni, wa pili ukionyesha mtumbwi wake. Ubavu wote ulikuwa mweusi tii. Mbele yake alisimama Sosthène, mtu mzima wa Beni, huko Kongo, mwenye tai shingoni, mkalimani wa wapiga sinema. Brashi ya lami ilikuwa bado mkononi mwake, kwa hiyo kukana hakungemsaidia.

"Papa, pole. Patron alisema mutumbwi yenye namba haionekani ya zamani. Na munyama yetu iko ya zamani sana."

"Munyama gani? Siku sita mimi napiga kasia, sijaona hata mukia!"

Patron, yaani bosi wake, alikuwa Benoît, mzungu aliyevuka kutoka Kongo na kamera mbili, akitengeneza sinema ya kumsaka dubwana la ziwa. Alikuwa amesikia kwamba lipo. Nani alimwambia? Sisi. Kila aliyesimama mbele ya kamera akasema ameliona alipewa robo kilo ya sukari, na Kayanzi haikuwa na mtu aliyechukia sukari. Jumatatu dubwana lilikuwa na shingo moja. Jumatano zikawa mbili. Alhamisi Bulandina, mjane mkausha samaki, akalitia ndevu, akarudi nyumbani na nusu kilo. Benoît naye, ili asiondoke mikono mitupu, alikuwa ameunganisha madebe matatu kwa kamba, akayafunika ngozi ya ng'ombe, yaelee majini kama mgongo wa dubwana. Kiboko mmoja alikuja, akanusa, akageuka na kwenda zake.

Asanasio peke yake hakupata sukari. Alipoulizwa alisema, "Miaka thelathini niko kwa maji. Nimeona kiboko, nimeona dhoruba, nimeona watu wawili wamekufa. Hiyo yenu sijaona." Ndevu za Bulandina aliziita uongo mbele ya kamera, na tangu hapo Bulandina hakumwitikia salamu. Wapiga sinema walimkodi tu kwa sababu mtumbwi wake haukuyumba.

Na sasa namba. Asiyejua Kayanzi atasema, namba ni nini, si rangi tu? Kayanzi mitumbwi ilikuwa na idadi yake, haikuongezwa, na usio na namba haukuruhusiwa kuvua. Asanasio alishuka kutoka milimani, huko juu ya Ibanda, akiwa hana shamba wala mbuzi. Alichota maji ndani ya mitumbwi ya watu miaka kumi na mmoja, mpaka mzee mmoja alipofariki bila mrithi na namba kumi na saba ikamwangukia. Kwa namba hiyo alioa, akajenga, akamtia binti yake Kahambu shuleni. Bila namba angerudi kuchota maji ya watu, na mgongo wake haukuwa tena wa kuchota.

Mlinzi wa samaki alikuwa Ojara, askari wa zamani kutoka kaskazini; namba zote alizichora yeye, na alikuja kila Jumamosi kuzikagua. Wiki mbili kabla ya hapo alikuta mtumbwi uliopakwa lami. Mwenye mtumbwi alikuwa ameuza namba yake kwa siri, akaificha alama kwa lami. Ojara aliupasua kwa shoka palepale, na wanawake wakapikia maharage kwa vipande vyake. Tangu siku hiyo lami ubavuni ilikuwa na maana moja tu. Na kesho yake ilikuwa Jumamosi.

"Tutaandika tena," Sosthène alisema. "Moja, saba. Ni kazi kidogo."

"Ojara anajua mukono yake. Akiona yako, mimi naenda jela, wewe unaenda Beni."

Wakaleta mafuta ya taa. Lami ilitoka kweli, lakini Asanasio alipotazama kitambaa aliona na weupe wa rangi ya namba. Mkia wa saba ulikuwa umekwenda na lami.

"Acheni!" Alikaa chini mchangani. Sijawahi kumwona amekaa vile.

Hapo ndipo Bulandina alipokuja, debe kichwani. Ndani yake mlikuwa na mafuta ya kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, aliyoyakusanya msimu mzima ili ayauze sokoni Mpondwe.

"Baba Kahambu, ukiendelea na hiyo mafuta ya taa, kesho utavua na sufuria. Marehemu wangu alikuwa anapaka kamba lami. Mikono yake ningeosha na nini? Kamongo inakula lami, rangi inaacha."

"Bulandina, hiyo ni sabuni yako, ni chumvi yako..."

"Nimekuuliza bei?"

"Nitarudisha. Mpaka mdomo wa debe."

"Toka hapo, nipitishe kitambaa."

Walisugua mpaka jua likapinda. Benoît alivua shati lake, akalifanya kitambaa. Sosthène alipotaka kuleta kamera Bulandina alimwambia, "Weka hiyo jicho ya chuma chini, shika tambara. Ulichafua wewe." Akashika. Tai yake ilifia hapo.

Jumamosi Ojara alifika na shoka begani. Mtumbwi uling'aa kama mandazi, nzi wameujaa.

"Ya nani hii? Simama sawa! Mbona inanuka jikoni?"

Watu walimfinya Asanasio aseme chochote, aseme watoto wamemwaga. Yeye akaeleza yote: mzungu, dubwana, lami, kamongo. Ojara alichuchumaa, akafuata namba kwa kidole.

"Mukia ya saba iko wapi?"

"Imekulwa na mafuta ya taa, afande."

Ojara alilitua shoka chini. "Mutu ya kudanganya hawezi kuwaza ujinga kama hii," alisema. Akafungua kopo lake la rangi, akachora mkia. "Ukiwapatia tena, napasua. Umesikia?"

"Nimesikia, afande."

Wapiga sinema waliondoka kwenda Kasese na madebe yao. Sinema yenyewe hatukuiona.

Lakini deni lilibaki. Msiniambie debe la mafuta ni kitu kidogo. Kamongo hanaswi kila siku, na kila Asanasio alipompata, lilizuka jambo la kula fedha zake: ada ya Kahambu, homa ya mke, bati la paa. Bulandina hakudai. Kutodai kwake ndiko kulikomchosha Asanasio, hata akaanza kupita nyuma ya nyumba zetu ili wasikutane.

Mwaka wa 1970 Kahambu alipata kazi ya ualimu Nyakiyumbu. Msimu huo Asanasio hakuuza kamongo hata mmoja. Asubuhi moja alipita njia ya mbele, debe begani, akalitua mlangoni kwa Bulandina na kutia vidole ndani.

"Imepunguka vidole vitatu," alisema. "Hiyo nitaleta mwezi ujao."

Bulandina aliinama, akachungulia.

"Imejaa."

"Vidole vitatu, Bulandina. Nimepima."

"Vidole yako minene, baba. Mimi mwenye debe nasema imejaa."

Asanasio alifungua mdomo abishe. Bulandina akachukua kifuniko, akakigonga ngumi mbili mpaka kikashika.

"Umekunywa chai?"

"Bado."

"Ingia basi."

Akavua kofia, akaingia.