Dume Katika Kizimba cha Jike

Muhula ule sikutulia. Shule yetu ya Makindye ilikuwa na dume mmoja tu wa sungura, na bila yeye wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wasingepata somo la uzalishaji kwa vitendo. Nilikuwa nimewafundisha kwamba jike ndiye hupelekwa kwa dume, kwa kuwa jike humshambulia yeyote anayeingia kizimbani mwake. Hata hivyo, asubuhi moja nilisikia vishindo kutoka bandani, nikakimbia. Dume alikuwa amebanwa pembeni na jike, sikio likivuja damu. Nikamtoa.

“Nani amemweka humu?”

“Ni mimi, Madam,” alisema binti mmoja wa Kinubi. “Kwetu mwanamume ndiye huenda kuposa.”

“Na akipigwa?” mwenzake akamtania.

“Basi alikwenda mikono mitupu!”

Wote walicheka isipokuwa mimi. Nilisafisha jeraha, nikarudi kumchungulia kila baada ya kipindi.

Wiki iliyofuata tulimpelekea dume jike mwingine, mpole zaidi, kizimbani mwake. Dume alijikunyata ukutani, nami nikashindwa kusimama mahali pamoja, mpaka alipomsogelea jike taratibu na kumnusa.