Ndugu Asiye na Sare

Nimefanya kazi za ndani katika nchi ya baridi, na sioni haya kusema. Nilimwogesha bibi mmoja wa kizungu, nikampikia, nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi alipofariki. Nilikuwa na mkataba. Jumapili ilikuwa yangu, na jioni zilikuwa zangu, na kwa jioni hizo nilipata diploma ya usimamizi wa hoteli. Leo nina nyumba ya wageni Igoma, kila chumba kina maji ya moto, na hakuna mtu aliyenishika mkono. Wanaosema najisikia nawajibu: ndiyo, najisikia. Ninayo sababu.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kazi ya ndani si kazi, nachemka. Na aliyeniambia hivyo ni dada yangu wa tumbo moja.

Dada anaishi Butimba. Kwake yuko mwanamke kutoka Ukerewe, tunakaribiana umri, aliyewalea watoto wote wa dada tangu wakiwa wachanga. Huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Jumapili dada humchukua kanisani pamoja na familia, na hayo ndiyo huitwa mapumziko yake. Hukaa benchi la nyuma na kitindamimba mgongoni, na mahubiri yakianza yuko nje anambembeleza. Misa ikiisha hutangulia nyumbani kuwasha mkaa.

Ukimuuliza dada kuhusu mkataba, hucheka. "Mkataba wa nini? Huyu ni ndugu yetu."

Neno hilo linanikera kuliko tusi. Nimelisikia Butimba, nimelisikia Mabatini, nimelisikia kwa watu waliosoma kunizidi. Ndugu haombi likizo. Ndugu haulizi saa ya kumaliza kazi. Ndugu akiugua hupewa vidonge viwili na ndoo ya nguo.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya misa, tulikutana kwa dada kupanga harusi ya mtoto wa kaka yetu. Jora la kitenge lilikuwa limefunguliwa sebuleni, la kijani lenye maua ya njano. Kwetu sare ya ukoo si mchezo. Aliyezaliwa kwetu au kuolewa kwetu hupewa kipande. Asiyepewa ni mgeni, na watu wamewahi kununiana miaka mingi kwa sababu ya kipande kimoja. Dada alikuwa anakata, shemeji ameshika upande wa pili, shangazi yetu amekaa kwenye kochi akisimamia asisahauliwe mtu.

Yule mwanamke akaingia na chai. Akaweka sinia mezani, lakini hakuondoka.

"Mama, ile safari yangu. Mwanangu anapata kipaimara Jumapili ijayo. Naomba niende, nikae naye kidogo, kisha nirudi kazini."

Dada hakuinua macho. "Harusi imekaribia. Wageni watalala hapa. Nani atapika?"

"Nilikuambia tangu Kwaresma, mama."

"Basi nenda. Lakini ukipanda meli, usirudi. Nitatafuta mwingine."

"Mama watoto, taratibu," shemeji akasema.

"Wewe shika kitambaa!"

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Mtoto huyo analelewa na bibi yake Ukerewe, na anasoma kwa kazi hii. Mama yake akienda, shule imeisha. Asipoenda, mtoto atasimama mbele ya askofu kama yatima.

"Dada," nikasema, "huwezi kumfukuza hivyo. Likizo ya mwaka yenye malipo ni haki yake kisheria. Siku ya kupumzika kila wiki pia. Mfanyakazi wa ndani ni mfanyakazi."

"Haya, Mzungu wetu ameanza! Sheria zako zipeleke huko kwenye gesti yako. Mimi hapa sina mfanyakazi. Huyu ni ndugu, nimekula naye miaka yote."

"Umekula naye wapi? Jikoni?"

Nikasimama, nikashika lile jora. "Kama ni ndugu, kipande chake kiko wapi?"

Mkasi ukabaki wazi mkononi mwa dada. Shangazi akakohoa. "Hata kwenye msiba wa mama yenu hakuwa na sare," akasema. "Nilimwona kwenye masufuria na khanga yake ya zamani."

"Chagua moja," nikamwambia dada. "Akiwa ndugu, mpe kitenge, akae hapa kwenye kochi, wewe ukapike. Akiwa mfanyakazi, mpe mkataba na likizo yake. Haiwezekani awe ndugu kwenye masufuria halafu mgeni kwenye sare. Na ukimfukuza, kesho nampeleka kwa afisa kazi kwa gari langu, na shahidi nitakuwa mimi."

Dada alivuta jora kwa nguvu, akakata kipande kikubwa kuliko vyote, akamtupia yule mwanamke kifuani. "Haya! Ndugu huyo! Wakili wako ameridhika?"

Alidhani amemaliza mjadala. Sasa ni ndugu kamili, na ndugu haombi likizo.

Yule mwanamke alikidaka, akakikunja vizuri, akakiweka begani. "Asante, mama. Nitakishonea Ukerewe. Nikirudi, mama mdogo ataniandikia huo mkataba," akasema akinitazama mimi.

Shangazi alicheka hadi chai ikampalia. Dada hakucheka.

Nilimpeleka bandarini mwenyewe. Alirudi kabla ya harusi, na kazi yake aliikuta. Mkataba niliuandika mimi, akausaini shemeji, kwa sababu dada alikataa hata kuushika. Dada hajanisemesha mpaka leo. Asinisemeshe. Sheria ilikuwepo miaka yote hiyo, na bado ilibidi mama mtu mzima atupiwe kitambaa mbele ya ukoo ndipo akamwone mwanawe akipakwa mafuta.