Aliyeitika Kutoka Upande wa Mawe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikilala kitanda kisicho changu naamka na shingo iliyopinda, na chai iliyopikwa na mtu asiye mama yangu hunitia huzuni. Kwa hiyo ndugu zangu wa Taita wanacheka hadi leo wakikumbuka kwamba, kati ya vijana wote wa kanisa letu, ni mimi niliyepelekwa umisionari nchi ya nje. Nilinyoosha mkono kwenye semina kwa sababu rafiki yangu alinyoosha, na nilijua hawawezi kumchukua msichana mwenye matokeo ya kidato cha nne kama yangu. Rafiki yangu akaolewa. Mimi nikapewa begi.

Nilifika wiki ya Pentekoste. Mbinga kulikuwa na baridi kama ya kwetu, na mashamba ya kahawa yalinidanganya kwamba nitaishi salama. Kisha gari likaanza kuteremka, likateremka mpaka masikio yakaziba, na yalipozibuka tulikuwa kando ya Ziwa Nyasa, katika kijiji kimoja cha kata ya Mbaha, joto limenishika shingoni. Nilitoa simu nimwambie mama kwamba nimefika Tanzania. Simu ikanikaribisha Malawi. Mtandao wa ng'ambo ulikuwa na nguvu kuliko wa pale, na kwa miezi yote niliyokaa pale, simu yangu iliamini kwamba niko upande wa pili wa maji. Nilicheka. Baadaye niliacha kucheka.

Nilipangiwa kwa mama mmoja mjane, mwembamba, mwenye ulimi. Jioni ya kwanza nilimwambia, "Nipe maji," kama tunavyosema kwetu bila ubaya wowote. Akamgeukia mke wa mwanawe.

"Mpe upesi, mwanangu. Mkuu wa wilaya ana kiu."

Mkwe huyo alikuwa rika langu, mtu wa Mapera, huko milimani kwenye mahindi na maharage. Aliolewa ziwani kwa kumpenda mvuvi, akabaki na mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mumewe sikumwona. Nilidhani yuko safarini, na kwa adabu ya mgeni sikuuliza.

Kazi yangu ilikuwa kufundisha watoto wa kipaimara, kutembelea wagonjwa, kufagia kanisa, na kugonga kengele alfajiri. Kengele yenyewe ni ringi ya lori iliyoning'inizwa mbele ya kanisa, unaigonga kwa kipande cha nondo. Mimi ambaye nyumbani niliamshwa kwa kuvutwa blanketi nikawa ndiye wa kuamsha kijiji.

Asubuhi ya kwanza niligonga, nikashusha nondo, nikageuka nirudi kulala. Mama mwenyeji akanishika mkono. "Subiri. Hawajaitika."

Ziwa lilikuwa limefunikwa na ukungu, huoni hata mtumbwi uliofungwa ufukweni. Kisha ndani ya ukungu ule nikasikia mti ukigongwa. Ko, ko-ko. Halafu mwingine, mbali zaidi. Halafu mwingine. Wanawake walikuwa wamesimama mchangani na khanga zao mabegani, wakisikiliza.

Hivyo ndivyo wanavyofanya pale. Wavuvi wa dagaa wanaporudi asubuhi, wakisikia kengele kila mmoja hugonga ubavu wa mtumbwi wake kwa kasia, na kila nyumba ina mdundo wake. Mke akiusikia wa kwake anakwenda kubandika uji. Simu wanazo, lakini simu na maji havipatani, na mtumbwi haufi betri.

"Huyo wangu," alisema mmoja. "Sikia anavyoburuta. Mvivu hata wa kugonga."

"Afadhali wako. Wangu anagonga kama anadai kodi."

Walicheka, wakapungua mmoja mmoja. Mama mwenyeji hakuondoka. Alikuwa ameelekeza sikio upande wa kaskazini, kwenye mawe makubwa yaliyoingia majini, mahali ambapo mitumbwi haipiti kwa kuogopa kupasuka. Sauti ikatoka huko. Ko. Kimya kirefu. Ko-ko, haraka haraka.

Wanawake wachache waliobaki waliinamisha macho. Hakuna aliyesema "huyo wangu." Mama akashusha pumzi, akaenda kubandika uji.

Uji uliiva, tukanywa. Bakuli moja likabaki limefunikwa kwa sahani kando ya jiko mpaka jua likawa kali, kisha mkwe akalimwaga nyuma ya nyumba. Niliona hivyo kila siku. Mwanzoni nilifikiri ni ukarimu wa watu wa ziwani, wanamwekea mgeni ambaye huenda akaja. Mimi na akili zangu. Siku moja niliuomba ule uji, maana ulinitia uchungu kumwagwa na sukari yake. Mkwe alinitazama kama nimeomba kulala kaburini.

Ndipo akaniambia, tukiwa tunafua. Mumewe alizama msimu wa upepo wa mwera uliopita. Mtumbwi ulirudi mtupu, yeye hakuonekana. Pale kwao, mtu asiyeonekana huzikwa kasia lake na nguo yake, ibada inasomwa, matanga yanawekwa na kuanuliwa. Lakini mwenye kusema "sasa tumzike" ni mama mzazi, na mama mzazi alikuwa bado anasikia mdundo wa mwanawe kila alfajiri.

"Kwa hiyo mimi si mjane," alisema, akikamua nguo. "Ni mke wa mtu. Nikienda kwetu nitakuwa nimemtoroka mume, na mtoto wangu atakuwa mtoto wa mama mtoro. Baba yangu anakuja siku ya gulio kunichukua. Akinikuta hivi, atarudi peke yake na hatakuja tena. Yeye ni mtu wa heshima zake, hawezi kuiba mke wa mtu."

"Padri anasemaje?"

"Padri anasema asikilizwe mama."

Nilimwambia nitamwombea. Ndilo jibu nililofundishwa kwenye semina, na linafaa sana ukiwa hujui la kufanya. Akaniangalia.

"Dada, omba, sikatai. Lakini yule anayegonga, hujiulizi ni nani?"

Nilijiuliza. Niliamua, kama mtu msomi wa kidato cha nne, kwamba ni mtu mwenye mwili na jina. Na nilimjua wa kumshuku. Marehemu alikuwa na rafiki, walivua pamoja kila mmoja na mtumbwi wake, na siku ile rafiki alirudi. Kijana yule alikuwa akileta samaki kwa mama bila kulipwa na alikuwa hakai. Anaweka, anasalimu, anaondoka. Nikasema, huyu ndiye anayepita karibu na mawe na kumgongea mwenzake, kumtuliza mama. Nikajiona nimekwisha kulimaliza jambo.

Nilimfuata kwenye chanja za kuanikia dagaa.

"Kaka, hali?"

"Salama, Dada Mwinjilisti. Umekuja kununua au kuhubiri?"

"Nimekuja kukuomba uache kugonga."

Aliendelea kutandaza dagaa, polepole, kama ni wa kuhesabiwa. Halafu akasema, "Nani kakuambia?"

"Hakuna. Nimefikiri."

"Umefikiri vizuri. Ni mimi. Mama yule alikuwa hali, halali. Asubuhi moja nikapita mawe, nikagonga mdundo wa mwenzangu. Siku hiyo akala. Basi nikawa nagonga." Akajifuta mikono kwenye kaptula. "Nikaona nafanya dhambi. Pasaka nilipoungama, nikaacha."

"Umeacha lini?"

"Si nimekwambia, Pasaka."

Mimi nilifika Pentekoste.

Tulisimama pale wote wawili, nzi wakila dagaa, hakuna aliyewafukuza. "Nilifikiri labda kuna mtu mwingine amepokea," alisema. "Nikawauliza wote. Sasa mimi sipiti tena upande ule, hata kukiwa na samaki wa kuokota kwa mkono. Wewe ni mtu wa kanisa. Mwambie mama kwamba ni mimi. Akiamini ni mimi, atamzika."

Kweli nusu na uongo nusu. Nilirudi nyumbani nikiupanga ule uongo vizuri, kwa sababu ya mkwe na mtoto wake, na kwa sababu kesho yake ilikuwa siku ya gulio. Nilimkuta mama anachambua mboga za muhogo. Nikaketi, nikasema shikamoo mara ya pili siku hiyo, jambo lililomfanya anitazame.

"Mama, yule anayegonga kwenye mawe ni rafiki yake. Anafanya kwa huruma."

"Najua."

Nikashukuru Mungu mapema mno.

"Alikuwa yeye," alisema. "Yule kijana anagonga kama anatwanga. Nilimwacha, maana alikuwa analia moyoni na mimi nina uji wa kutosha. Baada ya Pasaka akanyamaza. Siku chache nikasikia kimya, nikasema basi, sasa nimzike. Kisha akaanza mwenyewe. Huyu wa sasa ndiye wangu. Nilimzaa, mwanangu, sijui mkono wake?"

Nikamwambia baba wa mkwe anakuja kesho.

"Hilo nalo najua. Unafikiri mimi napenda kumfunga mtoto wa watu?" Aliweka mboga chini. "Ila nitamzikaje mtu anayeitika? Kila siku mnagonga lile lichuma lenu, naye anaitika. Nilimlea hivyo. Hata awe mbali kiasi gani, akiitwa anaitika kwanza, mengine baadaye."

Mtoto alikuwa akisukuma kifuniko cha sufuria sakafuni, na kelele zake zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Nikaona uso wa mama unabadilika, kama mtu aliyesikia maneno yake mwenyewe yakimrudia.

"Kumbe sisi ndio tunamwita," alisema.

Kisha: "Kesho usigonge."

Habari ilizunguka kijiji kabla ya jua kuzama. Hakuna aliyekwenda ziwani. Mitumbwi yote ilivutwa mchangani, nikaiona mwenyewe imelala mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho. Alfajiri nilikwenda kanisani kwa mazoea, nikasimama chini ya ringi na mikono mitupu. Sijawahi kutamani shuka la mama yangu kama asubuhi ile.

Ufukweni walikuwepo watu wote. Wanaume waliosimama kando ya wake zao saa hiyo walionekana kama wageni, hawajui waweke wapi mikono. Rafiki wa marehemu alikuwa hatua chache kutoka kwangu, kofia mkononi; ningeweza kumgusa. Ukungu ulikuwa mzito. Hakuna jogoo aliyewika, au kama aliwika sikumsikia. Mama alikuwa ametoka na jiko lake la mkaa na sufuria ya uji, akaviweka mchangani karibu na maji. Mkwe alikuwa nyuma yake, mtoto mgongoni.

Tulisubiri. Ukungu ulianza kuwa mweupe. Mtu mmoja akakohoa, na nikafikiri, imekwisha, tunaweza kwenda kunywa chai.

Ko.

Kimya kirefu.

Ko-ko, haraka haraka. Na haikutoka kwenye mawe. Ilitoka mbele yetu hasa, karibu, umbali ambao mvuvi huanza kuinua kasia ili mtumbwi uteleze wenyewe hadi mchangani.

Rafiki yake akakaa chini mchangani. Mtoto akageuza kichwa kuelekea maji, akacheka, kama mtoto anavyomcheka mtu anayemjua. Mkwe akamfunika uso kwa khanga.

Mama hakurudi nyuma. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwambia mtu afunge mlango.

"Nimekusikia, baba. Leo hatukukuita. Umekuja mwenyewe, asante. Mkeo anakwenda kwao na mwanao, nimemruhusu mimi. Wewe nenda kapumzike. Usiitike tena, hata ukisikia kengele. Si ya kwako."

Akainua sufuria, akamwaga uji wote juu ya makaa. Moshi na mvuke vikapanda vikachanganyika na ukungu, na harufu ya uji ulioungua ikatujaa puani. Mtumbwi haukutokea. Mawimbi madogo yalikuja mpaka miguuni pangu, kama yale yanayoletwa na kitu kilichogeuka majini, kisha ziwa likatulia.

Walizika kasia na shati siku hiyohiyo. Padri alifika kwa pikipiki, akasoma ibada. Mzee kutoka Mapera alikaa mbele na wafiwa, kama baba mkwe wa marehemu anavyopaswa, akamshika mama mkono kwa mikono miwili. Matanga yalipoanuliwa aliondoka na binti yake na mjukuu. Kabla ya kupanda gari binti aliniambia, "Dada, uliomba kweli?" Nikamwambia niliomba maji tu, na hata hayo kwa amri. Akacheka na kulia kwa pamoja.

Mimi nilibaki, na kengele ikabaki. Watu wanavua, wanahitaji kuitwa. Asubuhi ya kwanza ya kugonga tena mkono wangu ulikataa. Nondo ilikuwa nzito kama reli. Mama alinitazama akaguna, "Mkuu wa wilaya amechoka," akainyakua, akagonga mwenyewe.

Mitumbwi ikaitika ndani ya ukungu, mmoja mmoja, mvivu na mdai kodi na wengine wote. Wanawake wakaondoka. Sisi tukabaki, sikio upande wa mawe. Maji tu.

Alisimama muda mrefu kuliko siku zote. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, na sikujua anaomba asikie au asisikie. Sidhani kama yeye alijua.

"Ametii," alisema mwishowe, akaenda kubandika uji wa watu wawili.

Katika mfuko wa gauni simu yangu ikatetemeka. Nikaitoa. Ilikuwa inanikaribisha Malawi.