Sensa ya Masizi na Lori Lililooga Ziwani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya malori ya samaki hapa Mwanza nilivaa ovaroli jeupe. Nilikuwa nimerudi kutoka Ujerumani na mvi kichwani na stashahada ya mitambo ya dizeli, mimi mtoto wa mfugaji wa Misungwi, niliyejisomesha kwa kuosha vyombo hotelini. Sifichi: pale hapakuwa na mwingine aliyeijua sensa ya masizi, kile kifaa kinachohisi masizi kwenye moshi wa injini.

Mkuu wa Karakana alinitazama juu hadi chini. "Wewe Mjerumani, lori la Magesa linaishiwa nguvu kila wiki, samaki wanaoza njiani. Ukishindwa, ovaroli hilo utalifulia kwenu Misungwi."

Nikawaeleza mafundi kama ninavyowaeleza ninyi. Chujio ndani ya bomba la moshi hunasa masizi, na sensa hukaa nyuma yake. Ina kigae chembamba chenye nyaya mbili zisizogusana. Masizi yakipenya, hutua katikati na kuwa daraja la umeme. Kisanduku cha kudhibiti hupima umeme huo: daraja likijengwa upesi, chujio limetoboka. Kisha huwasha hita ndogo, masizi yanaungua, kazi inaanza upya. Sensa ikifa, kompyuta ya injini hupunguza nguvu.

Ya Magesa ilikuwa imekufa. Nikafunga mpya, nikajisifu hadi chai ikapoa. Siku ya tatu lori likarudi, taa ya onyo inawaka, kigae kimepasuka.

"Diploma imepasuka!" mafundi wakacheka.

Nikamfuata Magesa, dereva, Mkerewe wa Nansio. "Kaka, ukishashusha samaki unafanya nini?"

"Naliosha. Nalirudisha kinyumenyume ziwani mpaka tairi zizame, kama wenzangu wote. Safari hii nimeliosha sana, si umeweka kitu kipya?"

Kumbe! Kisanduku husubiri bomba lipate joto, umande ukauke, ndipo kiwashe hita. Lakini habari za ziwa hakizijui. Maji yaliyobaki bombani yalirukia kigae cha moto, pa! Nami nilisoma katika nchi ambako sikuona lori likioga ziwani, kwa hiyo sikuuliza.

Nikafunga nyingine, Magesa akaosha kwa ndoo. Wiki zikapita, samaki wakafika wabichi. Mkuu akanisogezea kikombe cha chai: "Mjerumani, leo inywe ya moto."

Baadaye kiti chake nilikikalia mwenyewe hadi nilipostaafu. Sasa naishi Bujora, na kila fundi anayenitembelea namwambia: kabla ya kufungua boneti, mwulize dereva. Magesa bado hunipigia simu Jumamosi.

"Mjerumani! Lori liko nchi kavu. Ziwani nimeingia mimi peke yangu."