Filimbi ya Refa

Mtaani kwetu Kitendaguro wezi walianza kuja mchana. Saa za misa walizijua kuliko katekista. Watu wakirudi kanisani wanakuta mkungu umekatwa, au kahawa iliyoanikwa imeondoka na turubai limebaki. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano, ikaundwa kamati ya ulinzi shirikishi, nami nikachaguliwa katibu, ingawa nilikuwa nimeshahamia Bilele, mjini, na huku nilikuja mwisho wa wiki tu kumwona mama. Nadhani walinichagua kwa kuwa nina mwandiko mzuri na sijui kunyamaza.

Kamati iligawa filimbi, moja kila nyumba. Ukiona mwizi, unapuliza. Ukisikia, unatoka na chochote ulichoshika. Asiyetoka, jina lake litasomwa mkutanoni. Sheria hiyo niliitunga mimi.

Mama alipokea filimbi yake, akaigeuzageuza, akaitundika kwenye msumari wa rozari.

"Hii ni ya refa," alisema. "Mimi nitapiga enduru."

Enduru ndilo yowe letu Wahaya la kuomba msaada: refu, lisilokatika, na anayelisikia haulizi, anakimbia. Enduru ya mama zamani ilikuwa ya kutisha. Lakini alikuwa amepasuliwa rovu shingoni, na tangu hapo sauti ilikuwa nyembamba na pumzi haikai. Nilimweleza hivyo kwa upole, kisha kwa ukali, maana subira sikujaliwa. Nikamwambia kama hataki filimbi basi atahamia kwangu Bilele, ambako nyumba zimebanana na akikohoa tu watu watatu wanasikia. Akanijibu kwamba mume wake amezikwa kwenye kibanja hiki cha migomba, si Bilele.

Jumamosi moja mjukuu wa jirani yetu alipata kipaimara, na baada ya kanisa kukawa na sherehe: maturubai, spika, ndizi za ebitoke, pombe ya rubisi ya kutosha. Mtaa mzima ulikuwa pale. Mama alibaki nyumbani kwa sababu ya goti, na kwa sababu kahawa yake ilikuwa juani. Nilimwahidi kumpelekea chakula.

Mshereheshaji alikuwa ndiyo kwanza amemwita mtoto akate keki, ikasikika sauti ya mwanamke kutoka upande wa kwetu, nyembamba, inakatikakatika. Niliitambua kuwa ya mama. Nikafurahi kweli. Nilidhani amesikia spika na anashangilia akiwa kibarazani kwake. Nikaweka kiganja mdomoni, nikamjibu kwa vigelegele, na wanawake wote wakanifuata. Akapiga tena, tukamjibu tena. Mara ya tatu mshereheshaji alisema bibi yule atunziwe soda mbili.

Kisha nilikula. Nilikula taratibu, nikaongea na watu, ndipo nikafunga chakula cha mama kwenye jani la mgomba nikaenda.

Nilimkuta ameketi chini karibu na turubai tupu, ameshika kifundo cha mkono. Wanaume wawili walikuwa wamezoa kahawa yake mbele ya macho yake. Alipong'ang'ania gunia, mmoja alimsukuma. Alinieleza yote hayo bila kulia, kama anayesimulia ya nyumba nyingine.

"Enduru yangu mmeishangilia vizuri," alisema. "Uliyeanza ni wewe. Nilikusikia."

Niliona aibu, na bado ninayo.

Hospitali walimfunga hogo la plasta mpaka kwenye kiwiko. Mkutano uliofuata nilisimama kusoma majina ya waliosikia wasitoke. Nilianza na langu, nikaendelea na karibu mtaa wote. Watu walitazama viatu vyao, na mama mwenye sherehe akalia.

Sikutaka tena majadiliano. Jumamosi iliyofuata nilikuja na gari la kukodi kumhamishia Bilele, dereva akasaidia kupakia sufuria na sanduku la nguo, mama ametulia tu kwenye kiti ananiangalia. Nilidhani amekubali. Nilikuwa nimebeba godoro lake kichwani, natoka nalo mlangoni, alipoinuka, akanyoosha mkono mzima kwenye msumari wa rozari, akachukua filimbi na kuipuliza.

Sijawahi kuona watu wakija hivyo. Mwalimu mstaafu wa jirani alikuja na panga na povu la kunyolea shavu moja. Mama mwenye sherehe alikuja na mwiko unaotiririka uji. Wengine walipita katikati ya migomba, wengine waliruka uzio, na kabla sijashusha godoro uwanja ulikuwa umejaa.

"Mwizi yuko wapi?" mwalimu aliuliza, anahema.

Mama alinionyesha kwa mkono wenye hogo.

"Huyu hapa. Anataka kuniiba."

Walinitazama kama wanavyomtazama mwizi, wamesimama na vile vitu mikononi, na yeye akawatazama mmoja mmoja, bila haraka.

"Kumbe kilichopungua ni sauti tu," alisema. "Watu wapo."

Nilirudisha godoro kitandani, nikamtandikia.